Kunguru Wanaosubiri Taa Nyekundu

Sendai, Japani, 9 Novemba 1997

Kwa dada yangu Buthaina,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, alhamdulillah, na natumai khati hii itakukuta wewe na Mama mkiwa na afya. Baridi imeshaingia huku. Navaa soksi mbili mbili na vidole bado vinaniuma. Mama bado anakwenda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki? Ule mkono wanaomtia sindano za mashine umeacha kuvimba? Mwambie mtihani wa hesabu nimepita, na nyama ya halali nimeipata kwa Mpakistani mmoja, ingawa ni safari ya treni.

Sasa nikupe kituko. Karibu na ninapokaa kuna shule ya udereva, na barabara yake ina miti ya jozi, zile njugu za ganda gumu kama gogo ambazo Mama alikuwa akizitia kwenye halua. Kunguru wa hapa wanazipenda lakini mdomo hauzivunji. Basi wanafanya nini? Taa ikiwa nyekundu na magari yakisimama, kunguru anatua barabarani, anaiweka jozi mbele ya tairi, kisha anarudi pembeni kungoja. Taa ikigeuka kijani, gari linapita, ganda linapasuka. Taa ikirudi nyekundu, anakwenda kula chakula chake kwa raha zake. Nimemwona mmoja, gari lilipoikosa jozi yake, akaisogeza kidogo upande wa tairi. Nilisimama hapo mpaka nikachelewa darasani.

Nikawaza, lau ungekuwepo wewe. Najua nakuchosha na vituko vyangu. Nisalimie Mama.

Nduguyo,
Yaarub


Wattaya, Maskati, 14 Desemba 1997

Yaarub mdogo wangu,

Waalaykum salaam. Sisi hatujambo. Mama anakwenda hospitali Jumamosi, Jumatatu na Jumatano, na mimi ndiye ninayempeleka. Ndiyo maana nafanya zamu ya jioni peke yake hapa kwenye duka la magari. Mkono umepoa, lakini miguu imeanza. Bi Mahbuba jirani anakaa naye magharibi mpaka nirudi.

Khati zako namsomea Mama neno kwa neno, kwa hiyo ukitaka kuandika jambo la siri utafute njia nyingine. Ya kunguru nilimsomea mara tatu. Akasema, "Basi hao wana akili kuliko madereva wa Ruwi."

Lakini hukunieleza vizuri. Kunguru anaijua taa, au anaona tu magari yamesimama? Hayo ni mambo mawili mbali mbali. Ungetazama asubuhi ya sikukuu, magari yakiwa machache: taa nyekundu ikiwaka na hakuna gari, anaweka jozi au haweki? Na je, ni kunguru wote au wachache? Wadogo wanawaangalia wakubwa? Uhesabu, uandike. Usiniambie "wengi" wala "mara kwa mara".

Mimi nimejaribu hapa. Nilinunua jozi kumi na mbili, nikazipanga kwenye njia ya nyuma ya duka kabla hatujafungua jioni. Akinyi, msichana wa Kenya anayekaa mapokezi, aliniona nimeinama barabarani akasema, "Buthaina, watu watasema umerukwa na akili. Lakini endelea, mimi nitaangalia mlango." Kunguru wetu wakaja, wakazigeuza geuza, wakaziacha, kisha wakaiba sambusa ya Akinyi.

Usidhani nataka tena kuwa mtaalamu wa viumbe. Hayo yalikwisha mwaka tisini na tatu, Wajapani walipoona sifai hata kujibiwa ombi langu la masomo. Ni hamu tu.

Dada yako,
Buthaina


Sendai, 20 Februari 1998

Kwa dada Buthaina,

Assalaam alaykum, na Idi njema iliyopita. Sauti ya Mama kwenye simu siku ya Idi ilikuwa nyepesi, au laini ilikuwa mbaya? Hukuniambia.

Nimefanya ulivyoagiza. Asubuhi saba nimesimama pale na daftari, theluji ikiniingia shingoni. Jozi arubaini na moja zimewekwa. Thelathini na nane ziliwekwa magari yakiwa yamesimama. Taa nyekundu iliyokuwa haina magari, nimeiona mara kumi na tisa, na hapo jozi iliwekwa mara moja tu. Kwa hiyo naona umesema kweli: wanayatazama magari, hawaitazami taa. Na wanaofanya si wote. Niliwatambua wanne, mmoja ana manyoya meupe kwenye bawa.

Siku ya sita mzee mmoja aliyevaa kofia ya sufu akanijia, akaniuliza nahesabu nini. Kumbe anaitwa Profesa Kumagai, anafundisha elimu ya viumbe chuoni kwetu. Mimi ni mwanafunzi wa injini, sikuwa nimepata kumwona. Akalitazama daftari, akauliza nani aliyenipa maswali haya. Nikamwambia dada yangu yuko Maskati. Akacheka, akanipa chai kutoka kwenye chupa yake.

Na hii ni ya Mama. Tarehe nane ya mwezi huu washonaji wa hapa hawashoni. Wanakusanya sindano zote zilizovunjika na zilizopinda kwa mwaka mzima, wanazipeleka hekaluni, na wanazichoma kwenye tofu, ambayo ni maziwa ya soya yaliyogandishwa, laini kama jibini bichi. Wanasema sindano imefanya kazi ngumu maisha yake yote, basi ipumzike mahali laini. Niliwaona vikongwe wakiinamia tofu na kuziambia sindano ahsante.

Kuhusu mwaka tisini na tatu, dada, tuyaache.

Nduguyo,
Yaarub


Wattaya, 5 Aprili 1998

Yaarub mdogo wangu,

Salaam nyingi. Nimeziweka hesabu zako kwenye karatasi yenye mistari na kuzitazama wiki nzima. Mama alipozisikia sindano aliniamrisha nimletee mkebe wake. Tangu macho yake yapungue hajashona kofia hata moja, lakini sindano zilizovunjika alikuwa anaziweka. Ziko ishirini na kitu. Akasema, "Mwambie Yaarub hao watu nnawapenda." Tofu hatuna, tukazichoma kwenye kipande cha keki. Bi Mahbuba aliingia akatukuta, akadhani tunafanya uchawi.

Mimi nina jambo la kunguru wetu. Nyuma ya duka maji ya viyoyozi yanadondoka na kufanya dimbwi. Kunguru mmoja analeta mkate mkavu, ule ulio mgumu kama kigae, anautumbukiza, anangoja, anautoa ukiwa laini. Nimemwona mara kumi na tatu kwa siku ishirini. Mkate laini hautumbukizi. Nimejaribu kumwekea yote miwili ubavu kwa ubavu. Mwambie Profesa wako, kama inafaa.

Nimesoma zamani kwamba vimulimuli wa Japani wa magharibi wanawaka kila baada ya sekunde mbili, na wa mashariki kila baada ya sekunde nne, ingawa ni wadudu wa aina moja. Kweli? Na wale wa katikati wanafanyaje?

Nakuuliza na jingine. Kwa nini kila nikiutaja mwaka ule unaniambia tuyaache? Aliyeanguka ni mimi, si wewe. Wewe ulifaulu mwaka uliofuata, kwa madaftari yangu, na mimi nilifurahi, Mungu shahidi. Madaftari ya wadudu niliyatupa mwenyewe. Nilijiambia, Buthaina, ulijiona hodari kwa sababu hukuwa umepimwa. Umepimwa sasa, kaa chini. Nimekaa. Wewe inakuuma nini?

Buthaina


Sendai, 12 Julai 1998

Kwa dada Buthaina,

Assalaam alaykum. Nisamehe kwa kuchelewa, mitihani ilinibana.

Vimulimuli nimewaona, katika kijito nje ya mji, jua lilipokwisha kuzama. Profesa Kumagai alinichukua kwa gari lake. Niliwapima kwa saa: sekunde nne, wakati mwingine nne na kidogo. Wanawaka wote pamoja, wanazima wote pamoja, bonde zima. Nikamuuliza swali lako la wale wa katikati. Alisimama akanitazama. Akasema wa katikati wanawaka kila sekunde tatu, na kwamba wanafunzi anaowafundisha hulifikia swali hilo baada ya miaka miwili.

Khabari ya mkate na maji nayo nilimtafsiria. Aliinakili. Ameniomba anuani yako akuandikie.

Njiani tukirudi akaniuliza, "Dada yako anasoma chuo gani?" Nikamwambia hasomi, ni karani wa duka la magari. Tulipofika taa ya kwanza ya mjini akasema, "Kwa nini wewe uko hapa na yeye hayuko?"

Nikamjibu kwamba Mama anaumwa.

Nisalimie Mama. Sina zaidi.

Yaarub


Wattaya, 2 Septemba 1998

Yaarub,

Salaam. Mama alianguka bafuni mwezi uliopita, hakuvunjika, lakini sasa haendi peke yake hata uani. Sikukuandikia mapema kwa sababu ulikuwa na mitihani.

Profesa ameniandikia, kwa Kiingereza, ukurasa mzima. Ananiita Bibi Buthaina. Anataka niendelee na dimbwi mpaka Desemba, nipime na joto la siku. Nilikwenda kununua kipimajoto Wadi Kabir, muuzaji akaniuliza ni cha mgonjwa au cha friji. Nikamwambia cha kunguru.

Mwenzio sijafurahi hivi tangu niwe msichana. Nakuambia ujue.

Hukunijibu swali langu.

Buthaina


Sendai, 25 Oktoba 1998

Dada,

Hii nimeituma dukani kwako, isifike nyumbani, ili usiisome mbele ya Mama kabla hujaisoma peke yako. Ndani yake utakuta bahasha nyingine. Usiifungue mpaka umalize kunisoma.

Juzi Profesa alinialika kwenye jambo wanalofanya mara moja kwa mwaka. Wote wanaochunguza wadudu na wanyama pale chuoni walivaa suti nyeusi, wakasimama mbele ya jiwe, wakaweka maua, wakawainamia viumbe waliowaua kwa ajili ya elimu: panzi, panya, samaki, hata inzi. Profesa alisoma hesabu yao kwa aina. Alipofika kwenye nondo alivua miwani akaifuta. Mzee wa miaka sitini na minne. Mimi nilisimama nyuma, nikaona siwezi tena kukuficha.

Hukuanguka, dada. Ulifaulu.

Aprili tisini na tatu, unakumbuka, ulimwambia Ami kwamba naikimbia shule na naendesha gari la watu mpaka Qurayyat. Ami alinipiga mbele ya watu. Ufunguo wa sanduku la posta la Ruwi nilikuwa nao mimi. Jumatatu ile nikakuta bahasha nene yenye stempu ya korongo. Niliifungua pale pale posta. Walikuwa wamekukubali, masomo na nauli na malazi, na walitaka saini yako ifike ndani ya wiki tatu. Nikasema moyoni, mwache ateseke mpaka Ijumaa, ndipo nimpe.

Jumatano Mama alizirai jikoni. Unayajua yaliyofuata. Hospitalini nikaisahau kabisa.

Lakini siku ya tisa nikaikumbuka. Hapa ndipo penye dhambi yangu, si pale posta. Siku ya tisa muda ulikuwepo bado. Wewe ulikuwa umelala kwenye kiti pembeni mwa kitanda chake, na daktari alikuwa ametuambia kwamba mashine ni ya maisha. Nikakutazama nikawaza: huyu akienda, atakayekaa kwenye kiti hiki ni mimi. Nikanyamaza. Siku zikapita, muda wa saini ukaisha.

Mwaka uliofuata nikaomba mimi. Ulinikalisha chini ukanifundisha.

Vituko vyote nilivyokuandikia, kila kimoja nilikiona nikajua ni chako. Nilidhani nikikutumia vingi vya kutosha nitapumua. Siombi unisamehe leo.

Yaarub


Sendai, 30 Januari 1999

Dada,

Ni miezi mitatu. Siku ya Idi nilipiga simu, Mama akasema uko jikoni. Nikapiga tena alasiri, akasema bado uko jikoni. Aliniuliza kwa nini siandiki tena. Nikamwambia nina kazi nyingi.

Niandikie hata tusi.

Yaarub


Wattaya, 3 Aprili 1999

Yaarub,

Mama hajambo, ila amepungua. Bi Mahbuba anakusalimu. Mimi mzima.

Khati yako nilipewa na Akinyi saa kumi na dakika chache. Niliisoma nimesimama, kisha nikaifungua ile bahasha ya korongo, kisha nikakaa sakafuni nyuma ya meza. Akinyi alidhani nimefiwa. Alinifungia mlango wa ofisi, akawaambia wateja nina homa.

Miaka mitano na nusu nimejiita mjinga. Hukunichukulia Japani peke yake. Nimeposwa na watu wawili, nikawakataa, nikasema mtu asiyefaa kwa aliloliweza atafaa kwa nini. Nilipoona jambo lenye akili nilijikanya nisilifikiri, kwa sababu nilikwisha kuamini sina. Hilo uliandike kwenye daftari lako.

Sikukujibu kwa sababu kila niliyoandika yalikuwa maneno ambayo mtu hawezi kuyarudisha. Nimeyachana yote.

Mwezi uliopita Mama alikataa kula. Akasema, "Khati za mwanangu huzisomi, basi kafa unanificha." Nikamwambia hakufa. Akasema nisome. Nikaileta, nikamsomea yote, neno kwa neno kama ada yetu, mpaka jina lako chini.

Hakulia. Aliiitikia adhana ya alasiri mpaka mwisho. Kisha akasema hivi, nami nakuandikia kama alivyosema:

"Nliiona bahasha ile, Buthaina. Nlipotoka hospitali nligeuza godoro la Yaarub, nkaikuta. Kusoma sijui, lakini ndege yule si wa stempu zetu. Nkajua ni yako. Sikujua kama siku zimekwisha au bado. Nkairudisha pale pale, nkatandika shuka. Nlikhofu kufia mikononi mwa mtoto wa kiume anayechoka upesi."

Kisha akaniomba radhi, mama mzazi, akiwa amenishika ukosi wa kanzu.

Ilikuwa siku yake ya kuoga. Nilipasha maji, nikamkalisha, nikamwosha nywele, nikamchana taratibu kwa sababu zimekuwa chache. Hatujalizungumza tena. Jambo nililojifunza ni kwamba mtu unaweza kumkasirikia mpaka kifua kikakuuma, na bado ukajua maji anayapenda ya joto gani.

Sasa nisikilize. Profesa ameniandikia kwamba anaweza kunitafutia nafasi huko. Nimemshukuru, nimekataa. Japani ilikuwa ya msichana wa miaka ishirini, na Mama ana mashine Jumamosi, Jumatatu na Jumatano. Lakini nimekwenda chuo hapa Maskati, nikawaonyesha ile barua ya Wajapani ya tisini na tatu na hesabu za dimbwi. Hawakuniahidi kitu. Wamesema nifanye mtihani wa kuingia. Masomo yao ni ya asubuhi.

Unamaliza Machi mwakani. Najua umeahidiwa kazi na kampuni ya huko. Mama aliniambia kwa fahari. Uiache. Rudi ukae kwenye kile kiti. Asubuhi zote ni zako, miaka minne, na zaidi Mungu akimpa umri. Sikuulizi kama unaweza.

Buthaina


Sendai, 28 Aprili 1999

Kwa dada yangu Buthaina,

Assalaam alaykum. Naomba Mama asomewe hii mwanzo mpaka mwisho.

Kampuni nimeipigia simu leo. Nimewaambia sitokuja. Aliyenipokea simu aliniuliza mara mbili kama nimeelewa vizuri Kijapani chake.

Mama, yale ya godoro nimeyasoma. Umesema kweli, nilikuwa nachoka upesi. Sijui kama nimeacha. Utaniona.

Dada, nitarudi Machi. Mtihani wako ni lini? Nitafunga siku hiyo.

Yaarub


Wattaya, 19 Februari 2000

Yaarub,

Waalaykum salaam. Mama hajambo, anazihesabu siku zako kwa vidole na anakosea. Akinyi amerudi Kisumu kuolewa. Ameniachia kiti chake chenye magurudumu.

Nimepita. Matokeo nilikwenda kuyachukua mwenyewe, kwa mkono wangu, kutoka dirishani. Darasani nitakuwa na watoto wa miaka kumi na minane watakaoniita khaala, kama mama yao mdogo. Tunaanza kozi ya matayarisho tarehe mosi Aprili, ambayo ni Jumamosi.

Yashike haya. Mama anaamshwa saa kumi na moja na nusu, si kwa sauti, kwa kumgusa mguu. Mkono wa kushoto usimpime presha wala usimnyanyue kwa huo. Ndio wa mashine. Maji anapewa kikombe kimoja na nusu kwa siku nzima, atakulilia umwongeze, na hutomwongeza. Ndizi na tende anakatazwa, atakwambia mimi humpa. Uongo. Kwenye mashine anaingiwa na baridi saa ya pili, uwe na blanketi. Atakuomba umsimulie kituko. Usimpe alichokwisha kusikia, anakumbuka vyote.

Ukifika usiniombe radhi uwanja wa ndege mbele ya watu, wala mlangoni. Usiniombe kabisa mpaka nikufungulie mwenyewe hayo mazungumzo. Sijakusamehe, na wala sijui hilo huwa siku gani. Mama naye bado sijamsamehe. Yeye hulala akijua hivyo, na asubuhi namtilia chai.

Chumba chako nimekifagia. Godoro ni jipya.

Tarehe mosi Aprili natoka saa moja kasorobo. Usinicheleweshe.

Dada yako,
Buthaina